Pua Iliyonichongea

Nimezaliwa Ukerewe, nimesomeshwa kwa dagaa, na mpaka leo mshahara wangu unatoka kwenye dagaa. Ni karani wa mfanyabiashara mmoja pale mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa kando ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Kazi yangu ni kukaa na daftari pembeni ya mizani: gunia limeingia na kilo ngapi, ni la nani, ni dagaa wa mchanga, walioanikwa chini, au wa chanja, walioanikwa juu ya kichanja, linapanda gari la wapi. Mengine yanakwenda Dar, mengine yanavuka mpaka kwenda Kongo. Wageni wakifika pale huziba pua na kuuliza tunawezaje. Mimi nilikuwa siwaelewi. Kwangu ile haikuwa harufu, ilikuwa hewa tu.

Jumatatu ya tarehe 18 Agosti nilishuka kwenye daladala kama kawaida, nikavuka barabara, na kabla sijafika getini kitu kikanikaba koo. Nikasimama. Nikajaribu kupumua kwa mdomo, ikawa mbaya zaidi, maana sasa nilikuwa kama naionja. Nilikimbilia nyuma ya fuso lililokuwa linapakia, nikashika tairi, nikatapika chai yote na kipande cha chapati. Nilipoinuka, bibi mmoja anayepepeta dagaa pale, wa siku nyingi kuliko sisi wote, alikuwa ananitazama huku mikono yake ikiendelea kurusha ungo. Hakusema kitu. Alisogeza mkeka wake upande wa pili, upepo wa ziwani upeleke vumbi la dagaa mbali na meza yangu, akaendelea na kazi.

Nilikuwa najua tayari kwamba nina mimba. Nilikuwa nimejua kwa siku sita, na tulikuwa watu wawili tu duniani tunaojua, mimi na mume wangu. Au ndivyo nilivyodhani.

Niseme nilivyojua, maana ni habari ya mwezi, na simaanishi mwezi wa kalenda.

Watu wa dagaa tunahesabu kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, wadudu wanaifuata, dagaa wanawafuata wadudu, wavu unawafuata dagaa. Mwezi ukiwa mpevu mchezo wote unaharibika: ziwa zima lina mwanga, nani ahangaike na taa yako? Basi mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, wavuvi wanalala na wengine wanakunywa. Mwaloni mzigo mpya unapungua na mimi napata nafasi ya kulinganisha madaftari. Sasa, mzunguko wangu ni wa siku 29 au 30, na wa mwezi ni hivyo hivyo, kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima hedhi yangu ilikuwa inaangukia kwenye mbalamwezi. Sikuwa na haja ya kuandika popote. Mizani ikitulia, naweka pedi kwenye mkoba.

Mwezi mpevu wa Julai ulikuwa tarehe 10, na siku zangu zilianza siku hiyo hiyo. Mwezi mpevu wa Agosti ukafika tarehe 9, siku moja baada ya Nane Nane. Mizani ikatulia. Pedi zikakaa kwenye mkoba. Tarehe 10 hakuna kitu, tarehe 11 hakuna kitu. Tarehe 12, Jumanne, nikapanda daladala mpaka Buzuruga kununua kipimo cha shilingi elfu moja, kwa sababu maduka yote ya dawa ya Kirumba wauzaji wake wananijua kwa jina na wawili kati yao wananunua dagaa kwetu.

Nyumba tunayopanga iko Kabuhoro, juu ya mawe, na choo ni cha wapangaji wote. Mwenye kujua nyumba za kupanga anajua choo saa kumi na mbili asubuhi kinavyokuwa. Nilikuwa nimeshika kikopo cha mtindi nilichokiosha usiku, kijikaratasi kimezama mpaka kwenye alama, na mlangoni mtu anagonga: "Jirani, wengine tunawahi kazini!" Kipimo kinataka dakika chache. Mstari wa kwanza ulikuja upesi. Wa pili ulikuja taratibu, mwekundu hafifu, kama kalamu inayokaribia kuisha wino. Nikakiinua kwenye kijidirisha ili nione vizuri. "Jirani!" Nikakitia kwenye sidiria, nikatoka, nikasema samahani, tumbo.

Mume wangu ni mwalimu Sengerema, hukaa huko siku za kazi na kurudi Ijumaa. Nilimpigia akiwa anaelekea mstarini. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akasema, "Sasa wewe leo usibebe maji." Hilo ndilo neno la kwanza la baba mtarajiwa.

Jioni tukaanza kugombana na hesabu. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku ile nilikuwa na wiki 4 na siku 5. Yeye ni mwalimu wa hisabati na jambo hilo lilimkera kweli. "Wiki mbili za mwanzo hukuwa na mimba. Wanahesabu nini?" Nikamwambia wanahesabu kwa sababu siku ya hedhi mwanamke anaikumbuka, siku yenyewe hakuna anayeijua. Akasema basi sisi tunaijua. Nikakata simu.

Kwenye simu pia niliambiwa kila wiki mtoto analingana na tunda gani, na mengi ni matunda ambayo sijawahi kuyashika. Nikatengeneza vipimo vyangu. Wiki ya 5, mbegu ya ufuta. Wiki ya 6, choroko. Wiki ya 7 anafikisha sentimita moja, harage dogo. Na wiki ya 12, anakuwa na sentimita tano na kitu, urefu wa dagaa mzima. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kitandani, kisha nikakimbilia ndoo.

Tulikubaliana tusimwambie mtu mpaka miezi mitatu itimie. Hatukujadili sana, ndivyo inavyofanywa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa habari za jicho, habari za midomo ya watu, kwamba mimba changa ikitajwa sana inaondoka. Sikuwa naamini hayo moja kwa moja, ila sikuwa na ujasiri wa kuyapima kwa mimba yangu mwenyewe. Na chini ya hayo yote kuna sababu ambayo watu hawaisemi: ikiharibika, usilazimike kuzunguka tena mlango kwa mlango ukifuta ulichotangaza.

Hospitali nako wana wiki 12 zao. Wao wanataka uanze kliniki kabla hazijapita. Ni wiki zile zile ambazo nyumbani unaambiwa ufiche. Sasa utafichaje, huku umekaa kwenye benchi la wajawazito saa moja asubuhi, na mlango wa kliniki unatazamana na barabara ya daladala?

Nilikwenda hata hivyo. Jumatano tarehe 20 Agosti niliomba ruhusa, nikajifunika kanga mpaka usoni kama mtu anayeumwa jino, nikaenda kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Nilikaa saa mbili na nusu. Nesi akaniuliza hedhi ya mwisho lini, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akanitazama tumboni, mahali ambapo hapakuwa na cha kutazama. "Hii mbona bado changa sana? Nenda, ikionekana utarudi. Na uje na mwenza wako." Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na bango la mama anayecheka lililoandikwa kwamba mjamzito awahi kliniki kabla ya wiki 12. Nililisoma mara mbili. Nilitaka kumwonyesha kwa kidole. Nikasema asante, nikatoka. Nilikuwa na wiki 5 na siku 6, na hiyo namba naomba uikumbuke.

Siku zilizofuata sina cha kusimulia isipokuwa mwili. Kichefuchefu hakikuwa cha asubuhi wala jioni, kilikuwa cha muda wote, kinapanda na kushuka kama mawimbi ya saa kumi alasiri. Usingizi wa kuanguka. Kilima cha kwetu nilichokuwa nakipanda na ndoo kichwani, sasa nilikuwa nakaa juu ya mawe mara tatu kabla ya kufika. Maziwa yaliuma hata nikigeuka kitandani. Lakini kilichonitesa kuliko vyote ni mate. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu mate. Mdomo ulikuwa unajaa kama mtu aliyelambishwa ndimu, na nikiyameza natapika. Ikabidi nitembee na chupa. Niliifunga karatasi nyeusi isionekane ndani, nikaiweka kwenye mkoba, na kwenye daladala nikawa najifanya nakunywa wakati ninatema. Mtoto mmoja wa shule alinitazama kwa makini kutoka Pasiansi mpaka Kirumba, akamuuliza mama yake mbona maji ya dada yanaongezeka.

Na mimba ikamkataa mume wangu. Ndivyo tunavyosema Kiswahili, mimba inamkataa mtu, na sasa najua si masihara. Alikuja Ijumaa na sabuni ile ile anayooga tangu tuonane, nikamwambia akae upande wa dirisha. Akakaa upande wa dirisha. Akashika simu akawa anasoma kwa sauti mambo ya homoni, kwamba inapanda mpaka wiki ya 9 au ya 10 hivi kisha inaanza kushuka, na wengi wanapata nafuu wiki ya 14. Nilimwambia kama hana dawa anyamaze. Nashukuru hakukasirika. Namwandikia hapa kwa sababu usoni nimeshindwa kumwambia.

Chakula nilichokiweza kilikuwa kichekesho. Sato hapana, sangara hapana, nyama hapana, ugali wa moto hapana. Embe bichi kwa chumvi, ndiyo. Machungwa ya kwetu Ukerewe, ndiyo. Na matobolwa. Nimesoma mara nyingi kwamba ule kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, biskuti au mkate uliokauka. Mimi biskuti zilinishinda kwa utamu wake. Nikakumbuka hayo matobolwa, viazi vitamu vya utotoni, vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vinakuwa kama vipande vya mti. Mtungi mmoja ukawa unakaa chini ya kitanda. Saa kumi na moja alfajiri naingiza mkono gizani, natoa kipande, nakiguguna nimelala chali kama panya, na baada ya dakika 20 hivi nainuka taratibu. Haikuondoa kichefuchefu. Iliniwezesha kufika kituoni.

Na pemba. Sitaficha. Pale sokoni kuna mama anauza vile vijiwe vya udongo kwenye sinia, na harufu yake, wallahi, ilikuwa ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Nilikula kwa wiki nzima. Baadaye nikaambiwa kwamba udongo unaweza kuleta minyoo na kuzuia mwili kuchukua madini chuma, na kwamba hamu yenyewe mara nyingine ni dalili ya upungufu wa damu. Nikaacha kula. Bado napita pale kunusa.

Alhamisi tarehe 28 Agosti, saa mbili usiku, niliona damu.

Haikuwa nyingi. Ilikuwa doa la kahawia, kisha jingine jekundu. Nilikaa kwenye kile choo cha wapangaji na tochi ya simu, na safari hii hakuna aliyegonga. Jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa hili: nimpigie nani? Mama mwenye nyumba yuko hatua sita kutoka mlangoni kwangu, amezaa watoto saba, na hajui. Wifi yangu anakaa Igoma, hajui. Kazini hawajui. Kumwambia mtu kwamba mimba inatoka, ningeanza kwanza na kumwambia kwamba ipo.

Nikampigia mume wangu Sengerema. Alisema nakuja. Kabla ya Juni mwaka huu wa 2025 neno hilo lisingekuwa na maana. Usiku ukishakuwa mkubwa, mtu wa Sengerema alibaki ng'ambo akisubiri kivuko. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi. Alipita juu ya maji na pikipiki ya kuazima, na kabla ya saa tano alikuwa mlangoni, macho mekundu kwa upepo, helmeti bado kichwani. Tulilala tumekaa. Sijui kama tulilala.

Ijumaa asubuhi tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, sauti ya chini. Aliniuliza kwanza kama nina maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kama bega linauma, kama nimezimia au nasikia kizunguzungu, kama damu inalowanisha pedi. Hapana kwa yote. Akasema vizuri, maana ingekuwa hivyo angekuwa anaogopa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo haingoji asubuhi, mtu anakimbizwa saa hiyo hiyo. Kisha akasema damu kidogo katika miezi mitatu ya mwanzo huwapata karibu mwanamke mmoja kati ya wanne, na wengi wao wanazaa salama. Akaniweka kwenye altrasaundi.

Sikujua naangalia nini. Kwenye kioo kulikuwa na kijivu, ndani yake shimo jeusi umbo la harage, na ndani ya shimo doa jeupe limeegemea ukuta. Daktari akasogeza kifaa kidogo sana, kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Katikati ya lile doa kitu kilikuwa kinapepesa. Kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima, haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu. "Sentimita moja," akasema. "Mapigo 138." Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anahesabu kwa midomo akitazama saa ya mkononi, kuhakiki.

Nilikuwa nimeizoea ile picha maisha yangu yote: usiku wa giza, umekaa ufukweni Ukerewe, taa za wavuvi ziko mbali kabisa ziwani, kila moja inapepesa kwa sababu ya mawimbi. Unajua kuna mtu pale. Humwoni.

Daktari ndiye aliyeniuliza kama nimeanza vidonge vya foliki asidi. Nikamweleza ya zahanati. Akakunja uso, hakumsema mtu. Alisema tu kwamba mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufungika mapema mno, karibu wiki ya 6 kwa hesabu hii ya hedhi, na ndiyo maana wanashauri mwanamke aanze mikrogramu 400 kila siku hata kabla hajashika mimba, kupunguza hatari ya mtoto mwenye mgongo wazi. Wiki ya 6. Nilirudishwa nyumbani nikiwa na wiki 5 na siku 6, nikaambiwa nirudi ikionekana. Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema watoto wengi sana huzaliwa wazima bila mama kumeza hata kidonge kimoja, anza leo, usilale na hofu. Nilianza leo hiyo. Hofu nililala nayo siku kadhaa, kisha ikachoka kabla yangu.

Jumapili ya tarehe 7 Septemba mwezi ulipatwa. Ilikuwa ni mwezi mpevu tena, mwaloni kimya, mume wangu amesharudi kazini. Saa mbili usiku watu wa nyumba nzima walikuwa nje wamekaa juu ya mawe wakiangalia juu, mawingu yakipita, mwezi ukiliwa pole pole mpaka ukawa mwekundu kama kaa la moto lililosahauliwa. Kijana mmoja mvuvi akatania kwamba sasa ni giza, aende akavue. Wote wakacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alinigeukia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ingia ndani."

"Kwa nini mama?"

"Ingia tu. Si vizuri kwako."

Kwako. Hakusema kwenu. Nikaingia. Kwamba mwezi ukipatwa una madhara kwa mjamzito sijaona sababu ya kuamini, ila nilikuwa najiuliza kitu kingine: amejua tangu lini? Nikaanza kuunganisha. Ndoo ya maji ambayo kwa wiki tatu nilikuwa naikuta imejaa mlangoni, nikidhani ni kijana wa jirani. Jiko lake la mkaa alilolihamishia nyuma ya nyumba. Na yule bibi wa ungo, na wale wakina mama wa kufungasha ambao ghafla walianza kunipelekea hesabu kwenye kibanda cha mlinzi badala ya kuniita kwenye magunia. Nilidhani nina siri. Kumbe nilikuwa mtu pekee aliyekuwa anaamini kwamba ni siri. Mdomo wangu ulifunga, pua yangu ikanichongea kwa jiji zima.

Nimefikiria sana habari hiyo, na bado sijafika mwisho. Wale kina mama walinisitiri. Hakuna aliyenitaja, hakuna aliyeniuliza, na walinifanyia mema mengi kuliko ambavyo ningeweza kuomba. Lakini usiku ule wa damu kusitiriwa hakukunifaa. Nilihitaji mtu wa kumgongea mlango, na mlango ulikuwepo, na mwenye mlango alikuwa anajua. Tulikuwa tumekaa pande mbili za ukuta mmoja tukiheshimiana.

Tarehe 10 Septemba tulikwenda kliniki nyingine, wote wawili, mume wangu ameomba ruhusa shuleni. Pale tulipokelewa vizuri na sina la kulalamika isipokuwa benchi. Walichukua damu wakapima VVU, kaswende, malaria, wingi wa damu na kundi la damu, wakapima mkojo, wakanipima uzito, ambao ulikuwa umepungua kilo tatu. Nikapewa kadi, vidonge na chandarua. Dawa ya SP ya kukinga malaria na ile ya minyoo nikaambiwa bado, mpaka miezi mitatu ya mwanzo ipite. Nesi akaniuliza maji tunayotumia, na kama huwa naoga ziwani, kwa sababu ya kichocho. Nikasema zamani. Akasema wote ni zamani. Kisha akaniandikia tarehe: 17 Aprili 2026. Ukiitaka mwenyewe, chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Mume wangu alikuwa ameshaifanya hiyo hesabu kwenye kiganja kabla nesi hajamaliza kuandika, na alifurahi kuliko alivyofurahia altrasaundi.

Sasa mama.

Mama yangu anaanika dagaa Ukerewe mpaka leo, wa chanja, wasafi, na kila giza likiwa zuri hunitumia ndoo ndogo kwa meli ya Nansio. Tarehe 20 Septemba ndoo ikaja. Niliipokea bandarini nimeziba pua kwa kanga, nikaifunga mfuniko kwa gundi ya karatasi, nikaisukumia uvunguni kabisa mwa ngazi. Siku nne baadaye akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dagaa wamefika?"

"Wamefika mama, asante sana."

"Umewapika?"

"Bado."

"Wana siku ngapi hapo?"

"Nne."

Kimya. Tangu niote meno sijawahi kukaa siku mbili na dagaa wa mama bila kuwapika.

"Ni ya ngapi?"

Nikajaribu kujifanya sielewi, ikanishinda. "Kumi," nikasema.

"Miezi?"

"Wiki, mama!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa nini sikumwambia, nikamwambia watu wanasema tusiseme mpaka miezi mitatu. "Kwani mimi ni watu?" Nikasema hapana, ila ikiharibika. Nikaishia hapo. Nilisikia kuku upande wake, na mtu akiburuta kitu mchangani.

"Mimi wa kwanza sikumwambia mtu," akasema. "Hata bibi yako. Alitoka nikiwa kwenye chanja nageuza dagaa. Sikumwambia mtu. Kesho yake nikaamka, nikageuza dagaa."

Nina miaka 27. Kwa miaka yote hiyo nimeitwa kifungua mimba. Kwenye harusi yangu mjomba alisimama akasema leo tunamwoza kifungua mimba wetu. Mama alikuwa amekaa mbele, amepiga makofi kama wengine. Nilitaka kumpa pole na sikujua pole ya miaka 29 inatolewaje. Nikasema, "Pole mama." Akasema, "Ahsante." Ilitoka haraka, kama ilikuwa imekaa tayari mdomoni.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba katika mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe, nyingi ndani ya wiki 12, na mara nyingi ni kasoro tu za mwanzo wa uumbaji, si kwamba mama alibeba ndoo au aligombana na mtu. Kesho yake kazini niliwatazama wale kina mama wa kufungasha, wako kumi na wanne kwenye mstari wetu, wanashona midomo ya magunia. Nilijikuta nahesabu. Nikaacha kuhesabu. Nikamfuata bibi wa ungo, nikainama, nikamwambia sikioni nina wiki ngapi. Akasema, "Ehee," bila kusimamisha ungo, kisha akaniuliza kama nalala. Nikasema silali. Tukaongea mpaka gari la mchana lilipofika. Siku hizi mama mwenye nyumba naye anajua rasmi, na namba yake iko juu kabisa kwenye simu.

Jana ilikuwa tarehe 9 Oktoba, wiki 13 kamili. Mwezi mpevu umepita siku mbili, mwaloni pametulia, na mimi tangu Jumatatu nimetapika mara moja tu. Nikajiona nimepona. Nikaitoa ndoo uvunguni, nikabandua gundi, nikafunua.

Nikafunika.

Mama alipiga jioni. "Umewapika?"

"Bado mama."

"Basi mpe mwenye nyumba, wasiharibike. Giza likirudi nitatuma wengine."